Jungu kuu au mwenye kovu? Mkongwe na mchezaji wa pancha kwenye Fantasi

Kila Agosti, kabla Ligi Kuu ya Uingereza haijaanza, barazani kwetu Mji Mkongwe huzuka ugomvi uleule wa Fantasi, ule mchezo wa mtandaoni ambao kila mtu hununua kikosi chake cha wachezaji wa ligi hiyo na kupata pointi kwa wanavyocheza kweli uwanjani. Ami mmoja, anayetuuzia kahawa tangu sisi tuko skuli, haweki kikosini mchezaji aliye chini ya miaka thelathini ikiwa anaweza kumkwepa. "Jungu kuu halikosi ukoko, mwanangu," husema, kisha anamimina kahawa kana kwamba mjadala umekwisha. Upande wa pili yuko kijana mwenye Vespa, na huyu mapenzi yake ni wachezaji wa pancha: wale ambao kipaji chao hakuna anayekibishia, lakini bei yao iko chini kwa sababu kila baada ya miezi miwili utawaona wakitoka uwanjani wameshika paja. Mwenyewe husema anawanunua mnadani. Ligi yetu haina pesa ndani yake. Anayeshika mkia mwisho wa msimu huchemsha kahawa ya baraza zima kwa mwezi. Wote wawili wameshachemsha.

Na mimi pia nimechemsha, mara moja, nitakuja kueleza kwa nini. Nimejaribu njia ya Ami na nimejaribu njia ya kijana, na ninaloliona ni kwamba huwa tunawatia watu hawa katika kapu moja, tunawaita "wachezaji wa hatari", ilhali hatari zao hazifanani hata kidogo. Mkongwe hukupunja kidogo kidogo, na ukiwa na macho unamwona akikupunja. Mwenye pancha hukumaliza usiku mmoja. Kikosi kinachoweza kuvumilia hasara ya kwanza si lazima kiweze kuvumilia ya pili.

Nani mkongwe, nani wa pancha

Tuanze kwa kuwatenganisha, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Reece James wa Chelsea amezaliwa Disemba 1999. Si mzee. Lakini msuli wa nyuma ya paja umemsumbua tena na tena, na Disemba 2023, ndiyo kwanza ametimiza miaka 24, alifanyiwa upasuaji. Huyo ni mwenye kovu. Upande mwengine, Mohamed Salah msimu wa 2024/25 alikuwa na miaka 32 na akacheza mechi zote 38 za ligi. Huyo ni jungu kuu. Ukiangalia mwaka wa kuzaliwa peke yake utamkimbia Salah na kumkumbatia James, na msimu ule ungelia.

Halafu wako waliosingiziwa pancha. Bukayo Saka aliumia msuli wa paja Disemba 2024, akapasuliwa, akarudi Aprili 1, 2025 dhidi ya Fulham akitokea benchi, na akafunga siku hiyohiyo. Jeraha moja kubwa si tabia. Raúl Jiménez alivunjika fuvu la kichwa Novemba 2020, watu wakamzika kisoka, na msimu wa 2024/25 akaifungia Fulham mabao 12 ya ligi huku akielekea miaka 34. Mfupa ukishaunga, mara nyingi umeunga. Msuli ndio wenye kinyongo. Madaktari wa michezo wanakubaliana kwamba kwa msuli wa nyuma ya paja, aliyewahi kuumia ndiye aliye karibu zaidi kuumia tena, na umri nao unaongeza. Wazee walishasema, mwenye kovu usidhani kapoa, na sidhani walikuwa na habari za Ligi Kuu.

Kwa hivyo mimi mchezaji nikimwita wa pancha nataka kuona mambo mawili: ameumia zaidi ya mara moja katika misimu miwili, na ni sehemu ileile au ni misuli. Asiyetimiza hayo ni majeruhi wa kawaida tu, amepata mkosi.

Mkongwe: mwangalie anavyoishi

Mfano wangu mkubwa ni Jamie Vardy. Msimu wa 2019/20 alitimiza miaka 33 katikati ya safari, akamaliza na mabao 23 na kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora. Tangu Ligi Kuu ianze 1992, hakuna aliyekuwa amekichukua kiatu hicho akiwa na umri ule. Watu walistaajabu, lakini ukikaa ukayatazama maisha yake ya msimu ule, mshangao unapungua. Timu ya taifa alikuwa ameshaiaga tangu Agosti 2018, kwa hivyo wiki za mechi za kimataifa kwake zilikuwa mapumziko ya kweli. Leicester haikuwa na mechi za Ulaya. Penalti zilikuwa zake. Na mchezo wa timu ulijengwa yeye asubiri, kisha akimbie mara chache lakini kwa kasi. Jahazi kuukuu lililotiwa kalafati vizuri, linalosafiri mara moja kwa wiki, linafika.

Miaka mitano baadaye akaja Chris Wood. Msimu wa 2024/25, naye akiwa na 33 kuanzia Disemba, aliifungia Nottingham Forest mabao 20 ya ligi. Forest haikuwa Ulaya, penalti alipiga yeye, bei yake mwanzo wa msimu ilikuwa ya mshambuliaji wa kawaida kabisa. Ila yeye bado alikuwa akiichezea New Zealand, na Machi 2025 ndiko huko alikoumia nyonga, katika mechi dhidi ya Fiji. Msimu uliofuata Forest ikaingia Ulaya, bei ya Wood ikapanda, na goti likamweka nje. Sisemi Ulaya ndiyo iliyomvunja. Nasema aliyemnunua mara ya pili alilipa zaidi kwa mtu mzima zaidi mwenye kazi nyingi zaidi, na hesabu hiyo ilionekana tangu Agosti.

Hapo ndipo penye siri ya mkongwe: mara nyingi analipa msimu ambao bei yake bado ni ya kudharauliwa. Akishasifiwa, Fantasi inakuuzia sifa za mwaka jana. Cristiano Ronaldo alirudi Manchester United 2021 kwa bei ya 12.5 (milioni za Fantasi), akafunga mabao 18 ya ligi, ambayo si haba kwa mtu aliyetimiza miaka 37 mule mule msimuni. Msimu uliofuata alifunga moja, na Novemba akawa ameondoka. Salah naye: mabao 29, pasi za mabao 18, pointi 344 za Fantasi ambazo hakuna mchezaji aliyekuwa amezifikia kwa msimu mmoja. Agosti 2025 akawekewa bei ya 14.5, na kufikia mwanzoni mwa Disemba alikuwa ameanza kuwekwa benchi. Ami wetu alikaa naye mpaka mwisho. Mapenzi, basi.

Dalili zipo lakini huwa hazimo katika mabao. Tizama dakika. Mkongwe akianza kutolewa dakika ya 80, wiki ya pili ya 72, wiki ya tatu ya 64, hata kama amefunga katika mechi mbili kati ya hizo, mwalimu ameshaanza kumuaga taratibu. Tizama pia nani anapiga penalti siku yeye hayupo, na akirudi kama anarudishiwa. Dalili hizi zinakupa wiki tatu au nne za kujipanga, na ndiyo faida kubwa ya mkongwe juu ya mwenye pancha: unauza kwa wakati wako, kwa uhamisho wako wa bure, bila kukatwa pointi nne za uhamisho wa ziada.

Kwa makipa umri usikutishe kabisa. Edwin van der Sar alikuwa na miaka 38 msimu wa 2008/09 alipokaa dakika 1,311 za ligi bila kufungwa. Mabeki wa kati nao wanazeeka vizuri, na tangu msimu wa 2025/26 wamepata riziki mpya: beki anayefikisha vitendo kumi vya ulinzi katika mechi moja (kuondosha mpira hatarini, kuzuia mashuti, kunasa pasi, kupokonya mpira) anapewa pointi mbili. Kazi hiyo haihitaji mbio za ujana, inahitaji kujua pa kusimama. James Tarkowski wa Everton, wa mwaka 1992, ni mtu wa aina hiyo. Mawinga wakongwe siwagusi.

Kuna na kanuni moja ndogo inayowapenda mabeki wenye umri. Pointi nne za kutofungwa zinahitaji dakika 60 uwanjani. Beki akitolewa dakika ya 70 timu haijafungwa, kisha ikafungwa dakika ya 85, yeye pointi zake anazo mfukoni. Mzee anayepumzishwa mapema wakati mwengine anakuokoa kwa uchovu wake.

Na James Milner? Agosti 31, 2025, akiwa na miaka 39, aliifungia Brighton penalti dhidi ya Manchester City. Baraza zima lilisimama kumpigia makofi. Wiki iliyofuata kijana mmoja alikuwa amemnunua. Kupiga makofi ni bure, jamani.

Mwenye pancha: pointi moja inaua kuliko sifuri

Ukimuuliza mtu kwa nini anamwogopa mchezaji wa pancha atakwambia "hachezi". Kutocheza si tatizo kubwa hivyo. Asipogusa uwanja kabisa, Fantasi inamwingiza wa kwanza kwenye benchi lako, na kama alikuwa kapteni, yule ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili, msaidizi wake anachukua utepe. Balaa ni pale anapocheza kidogo. Ametoka kwenye majeraha, mwalimu anamwingiza dakika ya 88 apashe misuli, anapata pointi moja, na benchi lako lenye mtu aliyefunga mawili linabaki limekaa linakutazama. Au anaanza, dakika ya ishirini anakaa chini anaashiria kwa mkono, nawe umebaki na pointi yako moja.

Agosti 11, 2023 ndivyo ilivyokuwa kwa waliomvisha utepe Kevin De Bruyne. Juni alikuwa ameumia paja kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kule Istanbul. Mechi ya kwanza kabisa ya ligi, ugenini Burnley, akatoka kipindi cha kwanza kwa matatizo yaleyale. Kapteni wa pointi moja ni pointi mbili, na utepe hauhamii kwa mtu. Haaland, waliyemwacha, alifunga mawili mechi hiyohiyo. De Bruyne hakuonekana tena ligini mpaka Januari 13, 2024, alipoingia kutoka benchi dhidi ya Newcastle, akafunga na kutoa pasi ya bao la ushindi. Ndiyo utamu wa watu hawa: wakirudi wanakusahaulisha.

Na wengine wanapona kweli. Robin van Persie kwa miaka alikuwa ni wa kuhesabiwa miezi ya kukaa nje, kisha 2011/12 akacheza mechi zote 38 na Arsenal akafunga 30, na 2012/13 akacheza tena zote 38, mara hii na Manchester United, akafunga 26. Danny Ings aliharibika magoti Liverpool, akahamia Southampton, na 2019/20 akacheza 38 akafunga 22, bao moja nyuma ya Vardy. Kijana wetu wa Vespa anaweza kukutajia orodha hii akiwa usingizini. Asichokitaja ni kwamba kwa kila Ings mmoja wapo wengi waliorudi, wakasifiwa wiki mbili, wakaumia. Tena hata anayefanikiwa anaweza kufanikiwa kwa vipande: Callum Wilson, aliyechanika kano za goti mara mbili akiwa Bournemouth, aliifungia Newcastle mabao 18 msimu wa 2022/23 katika mechi 31, lakini si kila mechi aliianza.

Kwa hivyo mwenye pancha mimi simnunui, namkodi. Nasubiri aanze mechi mbili mfululizo na amalize dakika 75 katika ya pili. Najua kwa kusubiri nakosa ile mechi ya kurudi yenye mbwembwe, na nakubali. Nikishamchukua nampa mechi nne au sita za ratiba nyepesi, utepe simvishi, na nikishaona wiki yenye mechi tatu inakuja, namuuza akiwa mzima. Kumuuza mtu mzima aliyekufungia juzi ni kazi ngumu ya moyo. Lakini ukisubiri Fantasi imwekee bendera nyekundu ya majeruhi, bei inashuka na umeshachelewa na umati.

Hesabu ya benchi

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kijana na Ami wanabishana juu ya wachezaji wakati jibu liko benchini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye pancha anakupa wastani wa pointi 6 kila akicheza, lakini anacheza mechi 26 tu kati ya 38. Mwenzake wa bei hiyohiyo ni mzima wa chuma, anacheza zote na kukupa 5. Wa chuma atakuletea 190. Mwenye pancha ataleta 156, na zile mechi 12 anaingia mtu wa benchi. Kama wa benchi ni mchezaji anayeanza kila wiki na kukupa 3, unaongeza 36, jumla 192. Wamelingana. Lakini kama benchi lako ni lile la watu wa 4.0 wasiojua rangi ya jezi yao, umebaki na 156. Na kama nne tu kati ya zile mechi 12 aliingia dakika za mwisho akakupa pointi moja moja, hata kwa benchi zuri unarudi 184, chini ya wa chuma.

Maana yake mwenye pancha bei yake halisi ni bei yake pamoja na ya mtu wa kumsitiri. Ukimnunua kwa 7.0 ukalazimika kuwa na wa benchi wa 5.0 badala ya 4.0, umenunua mchezaji wa 8.0. Mnada gani huo? Mkongwe hana gharama hii kwa kiasi hicho; yeye anataka uangalizi tu, na uhamisho mmoja uliowekwa akiba. Kwa kuwa siku hizi unaweza kulimbikiza uhamisho wa bure mpaka mitano, anayelimbikiza ndiye anayestahili kucheza na watu wa pancha. Anayetumia wake kila Ijumaa kwa kiherehere, aende kwa wakongwe au kwa wa chuma.

Mwenye pancha mmoja, benchi linambeba. Wawili, unaomba dua. Mwaka niliochemsha kahawa nilikuwa nao watatu, na mmoja ni beki ambaye jina namsitiri. Nilikuwa ndani ya boti naenda Pemba, tumeshapita Nungwi, mtandao umekatika. Nateremka Mkoani nafungua simu, dedilaini ya kubadili kikosi imepita na habari ya kwamba kaumia mazoezini ilikuwa imetoka tangu asubuhi. Na bado akaingizwa: dakika ya 83. Pointi moja.

Mwezi gani, nani

Agosti na Septemba nampa nafasi mkongwe, hasa asiyekuwa na mashindano ya kiangazi miguuni. Mechi ni moja kwa wiki, na bei ndiyo hiyo ya dharau. Mwenye pancha Agosti simgusi hata akicheza vizuri mechi za kirafiki.

Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kukodi wa pancha, lakini baada ya mechi za kimataifa na si kabla. Anayeichezea timu ya taifa iliyo mbali, ngoja arudi uone kama anatembea sawa.

Disemba wakongwe wasiokuwa makipa nawauza au nawakalisha. Mechi zinabanana, mwalimu anawapumzisha, na hakuambii. Akiwa ni mkongwe wa Kiafrika katika mwaka wa AFCON, hesabu nyengine: Salah aliumia huko Januari 2024 kwenye mechi na Ghana.

Kuanzia Machi mambo yanageuka. Timu zilizotolewa Ulaya na zisizo na hatari ya kushuka zinawarudishia wakongwe dakika zao, na wenye pancha waliopasuliwa majira ya baridi wanarudi na miguu mibichi. Mimi wakati huo ndio huwapenda wa pili. Msimu umebakisha mechi nane au tisa. Hata akiumia, hasara yake ni fupi.

Aliye mkongwe na mwenye kovu kwa pamoja, yaani miaka 32 na paja linalojulikana, namchukua katika hali moja tu: kikosi cha wiki moja, kile cha karata ya kubadili wote kwa wiki hiyo kisha wanarudi wenyewe. Timu yake iwe na mechi mbili, na iwe imethibitika kwamba alianza mechi iliyopita.

Lililobaki ni saa. Walimu wengi huzungumza na waandishi kuhusu majeruhi Ijumaa, ambapo kwetu ni kati ya baada ya sala na alasiri. "Yuko mazoezini" haimaanishi anaanza. "Tutamtazama kesho" kwa mwenye pancha mimi huisoma kama hapana, kwa mkongwe huisoma kama benchi. Mechi ya kwanza ikiwa ile ya mapema ya Jumamosi, dedilaini ni saa saba mchana kwa saa zetu, na wao wakirudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba inakuwa saa nane. Mimi hubadili dakika ishirini kabla, nikiwa nchi kavu.